Kafara ya mjinga na mwerevu: riwaya ya Kufikirika ikisomwa Kasulu na Kibondo

Kufikirika ni mojawapo ya riwaya ambazo Shaaban Robert alizijengea nchi zake mwenyewe, zisizo kwenye ramani yoyote. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Kufikirika ikasubiri hadi 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Hata hivyo, mswada wake hutajwa kuwa wa mwaka 1946. Mdogo wa dukani, basi, huenda ndiye mkubwa kwa kuzaliwa.

Kisa cha Kusadikika kinafahamika. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Udhalimu pale una jina na una kiti barazani. Kufikirika inauma zaidi, kwa kuwa mkosaji wake ni baba anayempenda mwanawe.

Mfalme wa Kufikirika hana mrithi. Anaita waganga, kundi baada ya kundi, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, wa mashetani. Mali inatumika na malkia hapati mimba. Anayeleta habari njema ni mtabiri, na habari yenyewe imebeba sumu: mtoto atazaliwa, ataugua, na kupona kwake kutataka kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja.

Kwa nini hao? Mwandishi angeweza kuchagua mateka wa vita, au mhalifu ambaye hakuna angemlilia. Mjinga hana wa kumsemea. Mwerevu anasema mno. Nchi ikiwaondoa wote wawili inabaki na watu wa katikati, wanaoitikia. Huo ni usomaji mmoja tu, na kitabu hakiulazimishi, lakini ni vigumu kuusahau ukishaingia akilini.

Vijana wa siku hizi wanaijua hadithi ya nchi ya Panem. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008), kila wilaya hutoa mvulana na msichana kwa kura wakauane uwanjani. Katika kitabu cha pili, Catching Fire (2009), walionusurika wanarudishwa humo humo. Panem inaua ili itishe. Mfalme wa Kufikirika anataka kuua ili aponye, na hilo ndilo gumu kulipinga, maana anayepinga ataambiwa amwangalie mtoto kitandani.

Kwa miaka mingi Kufikirika imekuwa katika orodha ya riwaya za kidato cha tano na sita, ikasomwa Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, kama inavyosomwa Tanga. Mtihani hutaka dhamira na wahusika. Wanafunzi wengi hukimbilia vitabu vya uhakiki, ambamo kafara imefupishwa kuwa maneno mawili, “imani potofu”, na alama hupatikana. Mwalimu wa fasihi wa Kasulu hawezi kuishia hapo kwa urahisi. Akitaja mtabiri, darasa linafikiria Kamchape, jina linalofahamika vizuri Kigoma, la wale wapitao vijijini wakidai kufichua wachawi. Akitaja viungo vya mtu kuwa dawa, wanafunzi wanaijua Kabanga.

Kabanga iko Kasulu. Kituo chake kiliwapokea watoto na watu wazima wenye ualbino waliokimbia makwao wakati wa wimbi la mauaji lililotangazwa sana kuanzia 2007 na 2008. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwafutia leseni waganga wa jadi. Septemba mwaka huo mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto. Januari 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku tena. Mtu hapigi marufuku mara mbili jambo lililokwisha.

Katika riwaya, mwerevu anayekamatwa ni Utubusara Ujingahasara, aliyekuwa mwalimu wa mwana wa mfalme, akafukuzwa kwa kumwingiza mtoto katika michezo, akaenda kulima. Shaaban hamwokoi kwa upanga wala kwa muujiza. Anampa kesi. Hoja zinatolewa mbele ya wakubwa mpaka kafara ya watu inafutwa, na mtoto anatibiwa akapona bila damu ya mtu.

Mahakama za kweli zimewahukumu waliotumwa kuua watu wenye ualbino. Mwenye fedha aliyetuma ni nani, na kwa nini hasikiki kizimbani? Katika Kufikirika anajulikana wazi: ni mfalme. Katika nchi iliyo kwenye ramani, swali hilo liko palepale.

Mwanafunzi mwenye nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu kabla ya mtihani aache uhakiki, asome riwaya yenyewe, na kesi ile aisome yote.