Saa ya Jua ya London Haifai Dar es Salaam

Wanaoanza kutengeneza saa za jua huiga picha: bamba lililolala, na pembetatu imesimama katikati yake. Muundo huo ni wa Ulaya, na kwao unafanya kazi vizuri. Ukingo wa pembetatu lazima uwe sambamba na mhimili wa Dunia, hivyo huinuliwa kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. London ni nyuzi 51 na nusu. Dar es Salaam haifiki 7. Hapa ukingo unakaribia kulala kabisa na mistari ya saa inabanana: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana, yote inaenea nyuzi 14 tu. Haisomeki.

Kwa sisi tulio jirani na Ikweta, dawa ni kuinamisha ubao wenyewe. Chukua ubao wa sentimita 30, uelekeze kaskazini na kusini, kisha inua upande wa kusini sentimita tatu na nusu. Simamisha katikati, kwa urefu wake, ubapa mwembamba wenye kimo cha sentimita 5. Saa sita ya jua ubapa hauna kivuli pembeni. Saa saba kivuli kimesogea mashariki sentimita 1.3, saa nane 2.9, saa tisa 5, saa kumi 8.7. Asubuhi vipimo ni hivyo hivyo, upande wa magharibi. Mistari yote inakuwa sambamba, na mtoto wa shule anaweza kuichora kwa rula.

Ukimaliza, ubao hautalingana na simu. Usiusogeze! Saa za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo 45 Mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Kila nyuzi moja kuelekea magharibi, jua huchelewa dakika nne. Kwa Dar es Salaam zinafika 23. Halafu kuna dakika za msimu, kwa kuwa njia ya Dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwanzoni mwa Novemba jua hutangulia dakika 16 hivi; katikati ya Februari huchelewa 14. Waumini wanaiona tofauti hii kwenye ratiba za swala: Adhuhuri, inayoingia jua likipinduka, huwa saa 6:07 hivi mwezi Novemba, na Februari husogea hadi karibu saa 6:37.

Utamu hasa uko kwenye safari. John Harrison alipokamilisha saa yake ya baharini mwaka 1759, aliwapa mabaharia saa ya nyumbani ya kulinganisha na jua la mahali walipo. Simu yako inatosha kwa kazi hiyo. Peleka ubao Kigoma, punguza mwinuko uwe sentimita mbili na nusu, ondoa dakika za msimu. Saa sita ya jua itaangukia saa saba na dakika moja hivi. Toa zile 23 za Dar es Salaam, zinabaki 38; gawanya kwa nne. Umesafiri nyuzi tisa na nusu kwenda magharibi.