Adhuhuri Isiyo na Kivuli

Kila mwaka, tarehe 21 Machi au karibu yake, jua hupita utosini mwa mji wa Isiolo. Anayetaka kulishuhudia na aazime timazi ya fundi mwashi, asimamishe fito wima katika kiwanja chochote cha mtaa wa Wabera mjini humo, kisha angoje na wenzake. Kivuli kitanywea, na karibu saa sita na dakika 37 mchana kitamezwa na fito yenyewe. Muda si muda kitachomoza upande wa mashariki.

Mbona si saa sita kamili? Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45, inayopita karibu na Mogadishu. Isiolo iko kwenye digrii 37 na nusu, na jua huchukua dakika 4 kwa kila digrii. Hapo tumepata nusu saa.

Husemwa kwamba asiye na dini hana cha kuadhimisha. Lakini desturi huhitaji siku maalumu, watu, na tendo linalorudiwa. Fito inavileta vyote, na juu ya hayo inaweza kukukana mbele ya watu ukikosea hesabu. Sivyo Nanyuki, kwenye mstari wa ikweta, ambako watalii huonyeshwa maji yakizunguka kinyume hatua chache tu kila upande. Ni ujanja wa kumimina: hapo nguvu ya mzunguko wa dunia juu ya beseni ni kama haipo. Watu hupiga makofi, huku ajabu ya kweli ikiwapita juu ya vichwa vyao.

Waborana wa nchi hizi wana ayyaantu, wajuzi wa nyota. Kalenda yao, aliyoieleza mwanaanthropolojia Asmarom Legesse mwaka 1973, ina miezi 12 ya mwandamo na majina 27 ya siku. Mwezi una siku 29 au 30, basi majina huisha kabla yake, na mjuzi hutazama mwezi umeandamana na nyota zipi ndipo ajue alipo. Kwao hesabu hiyo haitengani na ibada, wala siwapokonyi. Ila nyota hizo humjibu yeyote anayekesha.

Turudi kwenye zile dakika 37 za Isiolo: tukitoa nusu saa ya longitudo, zimebaki dakika 7. Rudisha fito Septemba, tarehe 22 hivi: kivuli kitatoweka saa sita na dakika 22, robo saa mapema kuliko Machi. Dunia imeinama, na njia yake kuzunguka jua si duara kamili. Kwa hiyo jua huchelewa Machi na kuwahi Septemba.