Kitabu cha Sala cha Malkia: Ngozi, Kalamu na Nakshi

Msomi wa miswada hutanguliza swali moja: maneno haya yametungwa na nani? Kitabu cha sala kilichotengenezwa Paris, yapata 1324 hadi 1328, kwa ajili ya Jeanne d'Evreux, mke wa Charles wa Nne, mfalme wa Ufaransa, chatudai tuulize zaidi. Sala zake za Kilatini zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mali ya waumini wote. Kilichokuwa cha malkia hasa ni kurasa zenyewe.

Vitabu vya aina hii huitwa vitabu vya saa, kwani sala zake hugawanywa katika nyakati nane, tangu kabla ya alfajiri hadi wakati wa kulala. Kwavyo mtu asiye mtawa aliweza kuifuata, kwa kiasi, ratiba ya watawa.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya mikono mingi. Ngozi ya mnyama, kama vile ndama, ililowekwa katika maji ya chokaa, ikawambwa kwenye fremu, ikaparuzwa kwa kisu chenye umbo la hilali. Katibu alipiga mistari, akaandika kwa kalamu ya unyoya, akimwachia mnakshi nafasi tupu. Dhahabu ilitangulia rangi, kwa sababu ilisuguliwa hata ing'ae, na msuguo huo ungaliharibu rangi iliyokwisha kupakwa. Buluu iliyothaminiwa kupita zote ilitokana na jiwe la lazuli, lililochimbwa Badakhshan, katika Afghanistan ya leo.

Hata hivyo, Jean Pucelle, aliyekinakshi kitabu cha Jeanne, hakutegemea wingi wa rangi. Watu wake aliwachora kwa rangi ya kijivu, akaongeza rangi nyingine kidogo tu. Kitabu kina karatasi 209 na picha 25 za ukurasa mzima, ilhali urefu wa ukurasa haufiki sentimita 10: chatosha kiganjani.

Miongoni mwa sala hizo zimo za Mtakatifu Louis, mfalme aliyekuwa babu wa baba yake Jeanne. Katika picha moja yumo kifungoni, naye njiwa anamletea kitabu chake cha sala kilichopotea. Basi malkia, akiwa na kitabu mkononi, alimtazama mhenga wake akipokea kitabu. Sala ya wote imegeuzwa kuwa wasia wa ukoo. Na ukoo ulikuwa hatarini: Charles alifariki 1328 bila kuacha mtoto wa kiume, na kiti kikamwendea Philip wa Valois. Jeanne aliishi mjane hadi 1371, akamwachia mfalme Charles wa Tano kitabu hicho kwa wasia uliomtaja Pucelle kwa jina. Tangu 1954 kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Hapa pana funzo kwetu. Tunapoinakili miswada ya tenzi kutoka hati za Kiarabu na kuipiga chapa kwa hati za Kilatini, aghalabu tunaokoa maneno na kuziacha alama zitenganishazo vipande, maandishi ya pembeni na jina la mnakili. Lau kitabu cha Jeanne kingalihaririwa hivyo, tungalibaki na sala za Kilatini zipatikanazo kwingineko, na malkia mwenyewe angalitupotea. Mhariri hana budi kueleza ukurasa kabla ya kuuacha.