Kioo Kisicholala: Ni Neema au ni Israfu?

Ukiingia leo katika duka la simu hapa Mombasa, ndugu msomaji, na ukaonyesha kwamba mfuko wako si mtupu, muuzaji hatakusifia kamera peke yake. Atailaza simu juu ya kabati, ataiacha kitambo, kisha atakwambia uitazame. Simu imezimwa lakini haikuzimika. Kioo ni cheusi ti, na katikati ya weusi huo saa inang'aa, na tarehe, na kiasi cha chaji kilichobaki, na vialama vya ujumbe uliokuja. Hukugusa kitu. Huo ndio mtindo wa kioo kisicholala, na simu iliyo nao mara nyingi bei yake imepanda ngazi mbili tatu juu ya simu za watu wa kawaida. Swali ambalo nimeulizwa barazani na zaidi ya mtu mmoja ni hili: je, jambo hilo lafaa kulipiwa pesa, au ni israfu iliyovishwa nguo mpya?

Kwanza na ijulikane kwamba jambo lenyewe si geni hata kidogo. Wenzangu wa rika langu wataikumbuka saa ya Casio F-91W, ile nyeusi nyepesi iliyotoka mwaka 1989, ambayo wengi wetu tuliletewa na jamaa waliokuwa wakifanya kazi Uarabuni. Tarakimu zake hazilali usiku wala mchana, na betri yake moja hudumu kama miaka 7. Na kabla yake kuna kisa ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilitoa saa ya mkono ya kwanza ya tarakimu za umeme kuuzwa madukani, iliyoitwa Pulsar, ya dhahabu, kwa bei ya dola 2,100. Taa zake nyekundu zilikuwa zikila betri kama mchwa alavyo mbao, kwa hiyo uso wa saa ulikaa mweusi, na mwenye saa akitaka kujua wakati ilimbidi abonyeze kifungo kwa mkono wa pili. Tajiri wa watu, amevaa dola elfu mbili, mkono mmoja ameshika mkoba, hawezi kujua ni saa ngapi! Muda si mrefu zikaja saa za Kijapani zisizohitaji kubonyezwa, za bei nafuu, na zile za kubonyeza zikaondoka sokoni.

Tofauti ilikuwa katika nuru. Kioo cha Casio hakitoi nuru yake, bali chaazima nuru ya jua au ya taa ya chumbani, kama kanzu nyeupe ionekanavyo mchana bila ya kuwashwa. Simu zetu za mwanzo zilikuwa hivyo hivyo. Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ukiiweka mezani mchana waweza kuisoma saa yake bila ya kuigusa. Zilipokuja simu za rangi, kioo kikahitaji taa nyuma yake, na taa hiyo ikiwaka huwaka yote, hata pale penye weusi. Hapo ndipo tulipofundishwa kubonyeza kifungo kila tukitaka kujua wakati, tukarudi kwa yule tajiri wa mwaka 1972, na wala hatukulalamika.

Kilichobadilisha mambo ni vioo vya aina ya OLED. Humo kila kitone cha kioo chajitolea nuru yake chenyewe, na kitone cheusi ni kitone kilichozimwa. Saa ikiandikwa kwa tarakimu nyembamba juu ya weusi, vitone vinavyokula umeme ni vichache. Nokia iliuonja mtindo huu katika simu zake za Lumia mwaka 2013, lakini ulioutangaza kwa watu ni mwaka 2016, pale Samsung na LG walipoonyesha simu zao siku moja kule Barcelona, Galaxy S7 na G5, kila mmoja akijisifu kwamba kioo chake hakilali. LG walisema chao kingekula asilimia 0.8 ya betri kwa saa, na Samsung wakasema chao ni kama asilimia 1. Apple walichelewa mpaka mwaka 2022 na iPhone 14 Pro, na wao hawakutaka weusi. Waliiacha picha nzima ya ukutani ikionekana kwa nuru hafifu, kioo kikijiandika upya mara 1 tu kwa sekunde badala ya mara 120. Watu wakanung'unika kwamba hawajui simu imelala au iko macho, na Disemba ya mwaka huo huo kampuni ikawapa ruhusa ya kuiondoa picha.

Basi tuipige hesabu hiyo ya asilimia 1. Ukiilaza simu mezani kwa saa 8 za usiku, utaamka umeliwa asilimia 8. Kwa mwenye simu mpya hilo ni jambo dogo. Mfukoni, au ikilazwa kifudifudi, simu nyingi huhisi giza na kujizima, kwa hiyo mchana hasara hupungua. Lakini mwenye simu ya miaka minne, ambayo betri yake imechoka na saa kumi za alasiri huanza kuomba chaji, hiyo asilimia 8 ni swala ya magharibi na isha bila ya simu. Na sisi twaijua stima yetu. Tarehe 25 Agosti mwaka 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, na usiku ule hakuna aliyeulizana rangi ya tarakimu. Watu waliulizana nani ana chaji. (Msomaji ambaye simu yake ni hii atakuwa pia ameona kwamba saa ile haikai pahala pamoja, yasogea kidogo kidogo. Simu si mbovu. Yafanya hivyo ili vitone vile vile visichoke na kuacha alama ya kudumu kiooni.)

Hayo ni ya betri, na betri yatiwa chaji ikajaa. Kinachonikera mimi zaidi ni sitara.

Tulikuwa barazani jioni moja, kahawa inazunguka, simu zimelazwa mkekani kama kawaida ya siku hizi. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye ameoa juzi na wakweze walikuwapo, simu yake ilikuwa ya mtindo huu, nayo ilikuwa yaandika jina la mwenye kuleta ujumbe pamoja na mstari wa kwanza. Ujumbe ukaingia, ukakaa pale, unang'aa: mkopo wake umepita siku, na alipe leo. Hakuna aliyesema neno. Yule kijana alivua kofia yake taratibu akaifunika simu, na kahawa ikaendelea kuzunguka. Tulipokuwa twaondoka nilimwita kando.

"Mwanangu, hiyo simu huwezi kuinyamazisha?"

"Ami, hiki kioo hakilali."

"Na deni lako pia halilali. Lakini deni ni lako na Mola wako na mwenye pesa zake. Wakweo wanaingiaje?"

Alicheka kwa haya. Hakuwa akijua kwamba ndani ya simu kuna mahali pa kuamuru maneno ya ujumbe yafichwe, ibaki alama tu. Tulikaa chini ya taa ya barabarani tukaitafuta, tukaipata. Wauzaji hawaisemi habari hiyo, ilhali kwa watu wetu, ambao nyumba zao zina pazia mlangoni hata mlango ukiwa wazi, ndiyo ingekuwa ya kwanza kusemwa.

Na msikitini je? Zamani mtu aliweka mbele yake tasbihi. Leo anaweka simu, kioo juu, na kila akisujudu uso wake wakutana na tarakimu zinazong'aa, na wakati wa tarawehe pengine na matokeo ya mpira. Nani atapata khushui hapo? Wala haja ya kujua wakati haipo, kwani misikiti yetu mingi ina ubao wa taa ukutani wenye saa na nyakati za swala zote. Hata Makka kwenyewe kuna saa isiyolala, iliyoanza kuhesabu Ramadhani ya mwaka 2010, yenye nyuso za mita 43 juu ya mnara wa mita 601. Aliyekwenda kuhiji ameiona. Saa ile ni ya wote, haina siri ya mtu ndani yake. Hii ya mfukoni imebeba nyumba yako nzima.

Lakini nisije nikawa kama yule anayeshutumu chakula asichokionja. Mtindo huu una watu wake. Mama yangu mkubwa, ambaye macho yamepungua nuru na vidole havimtii sawasawa, kifungo cha simu kilikuwa kikimtesa. Akibonyeza kwa kutaka saa, anampigia mtu simu usiku wa manane. Mjukuu wake alipomletea simu ya kioo kisicholala, na akazikuza tarakimu mpaka zikawa kama za saa ya ukutani, aliacha kuuliza wakati wa daku. Alibakisha lawama moja tu, nami naiunga mkono: kwa nini simu, hata ukiigeuza lugha ikawa Kiswahili, yaandika saa 4:30 wakati ni saa kumi na nusu? Na yuko jirani yetu anayepika mahamri ya kuuza tangu kabla ya alfajiri. Mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Yeye hana mkono wa kubonyezea, kama yule tajiri wa dola elfu mbili, na kwake kioo hicho ni msaidizi wa kazi.

Kwa hiyo aliyeniuliza kama anunue simu kwa ajili ya kioo hicho nimemjibu asinunue. Ile ya bei ndogo, inayoamka ukiiinua au ukiigonga mara mbili, yatosha, na tofauti ya bei ni karo ya chuo ya mtoto kwa miezi. Aliye nayo tayari, asiizime wala asiiache ikawaka kutwa. Simu hizi nyingi zina mahali pa kuchagua muda. Ya mama yangu mkubwa tumeiweka iwake tangu isha mpaka jua kuchomoza, ujumbe umefichwa, na Ramadhani ikiisha mjukuu ataitazama tena.