Mashine Ikicheza, Zulia Huharibika

Ndugu msomaji, mtazame mama anayesuka mkeka. Kwanza husuka ukindu mpaka apate shupatu refu. Kisha hushona mashupatu ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Shupatu likiwa pana hapa na jembamba pale, mkeka haulali sawasawa. Hujikunja. Msusi mzuri analijua jambo hili. Vidole vyake hupima kazi kila mara, ingawa hana rula.

Sasa fikiria kazi kama hiyo ikifanywa na mashine. Mashine haina vidole vya kupapasa. Kazi yake ni kurudia mwendo ule ule kutwa nzima. Mwendo ukiwa sahihi, kazi hutoka nzuri. Mwendo ukikosea kidogo, kosa hilo hurudiwa mara elfu.

Mwezi huu tutaeleza habari za mashine za kufuma mazulia. Tutaona jinsi mafundi walivyozifanya sehemu zake ziende kwa usahihi. Mwisho tutaona somo gani linatufaa sisi wenye cherehani, baiskeli na mashine za kusaga.

ZULIA HUFUMWAJE?

Nyuzi za kwanza katika zulia ni za mtande. Hizi hutandwa kwa urefu na kukazwa. Nyuzi za pili ni za mshindio. Hizi hupita kwa upana, juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya mwingine. Mazulia mengi yana pia nyuzi za tatu, ambazo ni za manyoya. Mara nyingi huwa za sufu. Hizo ndizo tunazozikanyaga na kuona ni laini.

Ili mshindio upite, baadhi ya nyuzi za mtande huinuliwa na nyingine hushushwa. Katikati hutokea uwazi, kama mdomo uliofunguliwa. Mshindio hupita humo. Kisha kitana kikubwa huupiga uzi huo ili ukae karibu na mwenzake. Halafu zulia lililokwisha kufumwa huvutwa mbele kidogo na kuviringishwa. Mwendo huanza tena.

Kwa hiyo kuna kazi nne: kuinua, kupitisha, kupiga na kuvuta. Kila moja ina wakati wake. Kitana kikipiga mapema, hukuta uzi wa mshindio bado uko njiani. Zulia likivutwa mno, ufumaji huwa mwepesi na kulegea. Likivutwa kidogo mno, nyuzi husongamana.

MAUA YASIYOKUTANA

Zamani huko Ulaya na Marekani, mazulia mengi yalifumwa kwa vipande vyembamba. Vipande hivyo vilishonwa pamoja, kama sisi tunavyoshona mashupatu. Nusu ya ua ilikuwa kwenye kipande kimoja, na nusu ya pili kwenye kipande cha jirani. Nusu hizo zilitakiwa zikutane barabara.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme ua moja limezidi urefu kwa milimita 2 tu. Kipande kina maua 20. Mara mbili kwa ishirini ni milimita 40, yaani sentimita 4. Ua la kwanza likikutana na mwenzake, ua la mwisho litakuwa limepita kwa sentimita 4. Zulia la namna hiyo nani atalinunua?

Mfumaji wa mkono aliepuka kosa hili kwa akili yake. Alipoona ua linarefuka, alipiga kitana kwa nguvu zaidi. Alipoona linafupika, alipiga polepole. Mashine haikuweza kufanya hivyo. Kwa sababu hii watu wengi waliona kwamba mashine haitaweza kufuma zulia la maua.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili ni Erastus Bigelow, wa jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Alizaliwa mwaka 1814. Mwaka 1839 alifanya mkataba na kiwanda kimoja cha mji wa Lowell ili aunde mashine ya kufuma zulia bapa, yaani lisilo na manyoya.

Bigelow alitafuta jibu katika kuvuta na kukaza. Ilimpasa azuie zulia lisivutwe ovyo. Ilimpasa pia aongoze mkazo wa mtande, ili kila ua litoke na urefu ule ule.

Mfumaji wa mkono alifuma kama yadi 8 za zulia hilo kwa siku. Mashine ya kwanza ya Bigelow ilifuma yadi 10 hadi 12. Mtu angeweza kusema kwamba faida ni ndogo. Lakini Bigelow hakuacha. Alirekebisha sehemu moja baada ya nyingine. Hatimaye mashine zake zilifika yadi 25 hadi 27 kwa siku. Angalia mpango wa kazi yake. Kwanza maua yakutane, halafu mwendo uongezeke.

MIDOMO ELFU MOJA

Mwaka 1890 mashine ya namna nyingine ilitokea katika mji wa Kidderminster, nchini Uingereza. Kiwanda cha Brintons ndicho kilichoileta. Mashine hii ina vyuma vidogo vinavyofanana na mdomo wa ndege. Kila mdomo huinuka na kudonoa uzi wa manyoya wa rangi inayotakiwa. Kisu hukata uzi huo. Mdomo hushuka na kuuweka uzi mahali pake katika zulia. Mshindio hupita na kuufunga.

Zulia la kawaida la namna hii lina manyoya 7 katika kila inchi moja ya upana. Kwa hiyo kila mdomo una nafasi ya kama milimita 3 na nusu tu. Chukua rula ya mwanafunzi uitazame nafasi hiyo. Ni ndogo sana. Zulia lenye upana wa futi 12 linahitaji midomo zaidi ya 1,000. Midomo yote huinuka pamoja na kushuka pamoja.

Sasa tuseme mdomo mmoja umepinda, au umelegea. Hautaudaka uzi wake vizuri. Kwa kuwa mdomo huo hurudi mahali pale pale katika kila safu, kosa halitakuwa doa moja. Litakuwa mstari, na mstari huo utaendelea kwa urefu wote wa zulia mpaka mtu auone. Midomo 999 imefanya kazi njema, lakini mmoja umeharibu sufu, muda na mshahara wa siku nzima.

KWA NINI MASHINE HUCHEZA?

Mafundi wetu wana neno zuri. Gurudumu likiyumba wao husema, "Linacheza." Katika mashine ya zulia, kucheza kuna sababu nyingi. Tutazitaja tano.

Kwanza, chuma hulika. Shafti inapozunguka ndani ya bushi, vyuma vinasuguana. Polepole tundu hupanuka. Shafti huanza kuyumba.

Pili, vumbi la nyuzi. Sufu hutoa vumbi jepesi. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta huwa kama tope. Huziba njia za mafuta na kuzuia mwendo.

Tatu, mtikisiko. Kitana kinapiga siku nzima. Nati hulegea zenyewe kidogo kidogo.

Nne, kusimama vibaya. Mashine ikiwa imeinama upande mmoja, shafti hubanwa na bushi hulika upande mmoja.

Tano, kupishana kwa wakati. Kila sehemu inaweza kuwa nzima, lakini moja ikawahi na nyingine ikachelewa. Ni kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mmoja akikosea zamu, michi hugongana.

USAHIHI ULIVYOONGEZWA

Dawa ya kulika ni bushi inayoweza kubadilishwa. Bushi hufanywa kwa chuma laini kuliko shafti. Ikilika, fundi huitoa na kutia mpya, na shafti ya thamani hubaki salama. Mahali pengi beringi za gololi zimechukua nafasi ya bushi, kwa sababu gololi huviringika badala ya kusugua.

Dawa ya vumbi ni usafi wa kila siku. Dawa ya mtikisiko ni sakafu imara, na kukagua nati kabla hazijalegea. Dawa ya kuinama ni kupima mashine kwa pimamaji.

Dawa ya kupishana kwa wakati ni kupanga zamu. Katika mashine nyingi kuna gurudumu lenye alama za nyuzi 360, kama uso wa saa. Mzunguko mmoja wa gurudumu ni safu moja ya kazi. Fundi huzungusha mashine polepole. Husoma alama ambapo mshindio unapaswa kuingia, na alama ambapo kitana kinapaswa kupiga. Kila sehemu hupewa zamu yake.

Ziko pia mashine zinazofuma mazulia mawili kwa wakati mmoja, moja juu ya jingine. Nyuzi za manyoya huyaunganisha mazulia hayo. Kisu hupita katikati, huku na huku, na kuyatenganisha. Kisu kikipita juu kidogo tu, zulia moja litakuwa na manyoya marefu na jingine mafupi. Kwa hiyo njia ya kisu lazima inyooke, na makali yake lazima yawe sawa. Katika mashine hizo mawe ya kunolea hukinoa kisu huku kazi ikiendelea.

Siku hizi baadhi ya mashine zina mota kadhaa zinazoongozwa na kompyuta. Kipimo kilichofungwa kwenye mota hueleza kila wakati sehemu imefika wapi. Ikichelewa, kompyuta huirekebisha mara moja. Hata hivyo kompyuta haiwezi kuponya bushi iliyokwisha. Haiwezi pia kukaza nati. Kazi hiyo bado ni ya fundi.

FAIDA NA MACHOZI

Haifai tueleze faida peke yake. Katika mji wa Kidderminster, kabla ya mashine za nguvu, familia nyingi ziliishi kwa kufuma mazulia kwa mkono. Mfumaji alisaidiwa na mtoto, wa kiume au wa kike. Watoto hao walifanya kazi ngumu kwa saa nyingi. Katika miaka ya 1850 mashine za nguvu zilienea. Wafumaji wengi wa mkono walikosa kazi, na wengi waliuhama mji ule.

Kwa upande mwingine, bei ya mazulia ilishuka. Watu wa kawaida waliweza kutandika zulia nyumbani. Tena ilitokea kazi mpya, kazi ya fundi wa kurekebisha mashine. Aliyejua kusoma vipimo na kusikiliza mlio wa mashine alihitajiwa katika kila kiwanda. Mashine ilichukua kazi ya mikono, lakini ilitaka watu wenye ujuzi.

SOMO LETU

Ndugu msomaji, pengine huna mashine ya zulia. Lakini kijijini petu pana cherehani, baiskeli, pampu ya maji na mashine ya kusaga. Zote zina sehemu zinazokwenda. Fanya hivi:

1. Zima mashine kabla ya kuigusa. Ikiwa ni ya umeme, katisha umeme. Ikiwa ina mkanda, ngoja isimame kabisa.

2. Safisha kwanza. Usitie mafuta mapya juu ya tope la zamani.

3. Shika sehemu inayozunguka, uitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ikicheza, tafuta sababu.

4. Ikiwa nati imelegea, ikaze. Ikiwa bushi au beringi imelika, ibadilishe. Kukaza nati hakuponyi bushi iliyokwisha.

5. Tia mafuta kiasi, mahali panapotakiwa tu.

6. Zungusha kwa mkono polepole. Sikiliza. Ukisikia kitu kinagonga, usiwashe.

7. Pima kazi yenyewe. Kwa mfano, shona kitambaa kwa cherehani. Hesabu mishono katika sentimita 5 za mwanzo, kisha katika sentimita 5 za mwisho. Hesabu zikitofautiana, angalia jinsi kitambaa kinavyovutwa. Kumbuka maua ya Bigelow.

Andika tarehe ya ukaguzi katika daftari. Andika pia ulichokiona na ulichokifanya. Mwezi ujao soma tena maandishi yako. Utajua ni nati ipi hulegea kila mara, na ni bushi ipi hulika upesi. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma na kuandika.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nati iliyolegea leo ni ufa. Kuikaza ni kazi ya dakika moja. Ukiiacha, kesho utanunua shafti.