Kasema, Kabakisha

Kaunta buku ile ina safu mbili zilizopigwa kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kushoto imeandikwa KASEMA. Ya kulia imeandikwa KABAKISHA. Pembeni ni majina ya muvi, ukurasa baada ya ukurasa, na kila jina lina maneno mawili matatu kwa mwandiko wa kubana: "kali", "inachelewa kuanza", "steringi kafa, wamenuna", "usiangalie na wakwe". Niliikuta juu ya meza ya duka moja la kuweka muvi huko Tandika, Dar es Salaam, nilipopita kumtafutia mama yangu sizoni ya Kikorea. Sizoni niliipata. Ile safu ya pili ndiyo iliyokataa kunitoka kichwani.

Mwenye duka ameomba nisimtaje jina, na sababu yake inajulikana kwa yeyote anayejua kazi hii inavyofanyika. Ni mtu wa makamo, mpole, anayevaa miwani tu anapoandika. Kazi yake ni ileile ya wenzake wote mjini: unakwenda na flashi, unachagua au unachaguliwa, anakuwekea, unalipa, unaondoka. Tofauti yake ni kwamba ukirudi anataka kujua ilikuwaje.

"Zamani nilikuwa nauliza tu, 'Ile muvi uliionaje?'" anasema. "Kila mtu ananijibu nzuri. Watu wetu hawapendi kumvunja mtu moyo, dada yangu. Nimemchagulia mwenyewe, nimemsifia mwenyewe, halafu aje aniambie usoni ilikuwa mbovu? Anasema nzuri, anachukua nyingine. Na mimi namwambia mteja anayefuata, chukua hii, wenzako wameipenda. Anafika nyumbani, dakika ya kumi kalala. Kesho lawama zote zangu."

Alichogundua baadaye hakukisoma popote. Wateja wake wengi wana flashi ndogo, za GB 4 au GB 8. Muvi moja ya ubora wa kawaida inakula kama MB 700, nyingine GB moja na zaidi. Flashi haichukui muda kujaa. Kwa hiyo kila mteja anayerudi lazima akutane na swali lilelile: nifute ipi?

"Hapo ndipo mtu anaposema kweli," anasema, na kwa mara ya kwanza ananitazama moja kwa moja. "Aliyesema nzuri, anakwambia futa. Aliyeiponda wiki nzima, anakwambia hiyo iache. Nikaanza kuandika. Huku alichosema, huku alichobakisha. Kila akirudi na bado ipo, naongeza kijiti."

Nilikuwapo alipoingia mama mmoja mtu mzima, flashi imefungwa kwenye pindo la kanga. Mwenye duka alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwekee mbili, ila zisiwe za kupigana."

Alifungua pindo taratibu, akatoa flashi, akamkabidhi. Ikachomekwa. Orodha ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

"Imejaa, mama. Nifute ipi?"

"Futa zote. Ile ya wazee usiiguse."

"Ile ya wazee" ni Baghban, picha la Kihindi la mwaka 2003, ambalo Amitabh Bachchan na Hema Malini ni mume na mke waliolea watoto wanne wa kiume, na uzeeni watoto hao wanawagawana, baba kwa huyu, mama kwa yule. Mwenye duka alifunua kurasa za nyuma akanionyesha. Kwenye KASEMA, siku mama huyo aliporudi mara ya kwanza baada ya kuiangalia, pameandikwa: "mama wa pindo: inaumiza, hataki tena kuiona." Kwenye KABAKISHA vijiti vimejipanga hadi vimeingia mstari wa chini.

Mama alituona tunasoma. Hakuuliza tunasoma nini. Alisema tu, kama mtu anayejibu swali alilolisubiri, "Wanangu wakija Idi nawawekea hiyo. Tunakaa, tunaangalia. Mimi sisemi neno."

Akachukua flashi yake, akafunga pindo, akaaga.

Nimewahi kusoma maoni mengi ya watu kuhusu filamu, na sijui ni wapi pengine ningekuta hukumu kamili kama ile. Picha linamuumiza, hataki kuliona, na hawezi kulifuta kwa sababu linasema kwa niaba yake yale ambayo mdomo wake hauwezi kuwaambia wanawe. Hiyo ni nyota ngapi?

Dunia imejaribu njia nyingi za kuipa filamu alama. Mtandao wa IMDb, ulioanza mwaka 1990, unachukua kura za watazamaji kuanzia moja hadi kumi na kuzichuja kabla ya kutoa wastani. Rotten Tomatoes inahesabu wahakiki wangapi wameipenda filamu. Ndiyo maana asilimia 90 yake haina maana kwamba filamu imepata 90 kwa 100, bali kwamba wahakiki tisa katika kumi waliona inafaa, hata kama kila mmoja aliiona inafaa kidogo tu. Mwaka 2017 Netflix iliziacha nyota tano ikaweka dole gumba, la juu na la chini. Wakuu wake walieleza jambo ambalo mwenye duka wa Tandika angelielewa mara moja: watu walikuwa wakizipa nyota nyingi filamu za maana, zile za kuelimisha, kisha usiku wanakaa kuangalia vichekesho walivyovipa nyota chache. Mdomo ulikuwa na safu yake na macho yalikuwa na yao.

Huku kwetu maoni ya filamu hayakuwahi kuhitaji namba. Enzi za majumba ya sinema ya Avalon, Empire na Empress, mtu aliyetoka kuangalia Awara ya Raj Kapoor alikuwa na kazi ya kuwasimulia wasiopata tiketi, na namna alivyosimulia ndiyo iliyoamua nani atakwenda Jumapili inayofuata. Vikaja vibanda umiza vya kuonyesha video, wakaja watafsiri kama Lufufu, ambao walitia maoni ndani ya picha lenyewe: steringi akikosea anasemwa hapohapo, ukumbi mzima unacheka. Sifa na lawama zilikuwa na sauti ya mtu unayemjua.

Hilo ndilo mwenye duka analolishikilia kuliko yote. Katika kaunta buku yake hakuna maoni yasiyo na mwenyewe. Haandiki majina. Anaandika "boda wa kona", "mwalimu wa hesabu", "binti wa saluni", "mlinzi wa usiku".

"Alama peke yake haina kazi," anasema. "Mlinzi akisema inaboa, nataka kujua aliiangalia saa ngapi. Kama ni saa tisa usiku kwenye simu, huku anasikiliza geti, hiyo muvi haijaboa, ni yeye amechoka. Boda akisema kali, najua haikuwa na maneno mengi, maana anaangalia akisubiri abiria. Kwa hiyo wewe ukiniuliza muvi gani nzuri, mimi nitakuuliza: unaangalia na nani? Watoto wapo? Umeme kwenu unakatika? Nikishajua, nakutafutia mtu humu anayefanana na wewe, naangalia alichobakisha."

Nilimtaka anichagulie. Aliniuliza maswali hayo na mengine, akafunua, akasimama kwenye mstari wa binti wa saluni. Muvi aliyonipa nisingeigusa kwa jina lake wala kwa picha ya jalada. Nimeiangalia. Bado ninayo.

Lakini kazi hii ina upande ambao siwezi kuupita kimya. Kunakili filamu bila ruhusa ya mwenye nayo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwaka 2013 Serikali ilileta stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki ili kazi halali zijulikane, na flashi zikapita pembeni ya stempu hizo kama hazipo. Nilimuuliza mwenye duka kuhusu hilo. Hakujitetea. Alisema anajua, kwamba angelipia kama angeonyeshwa mlango wa kulipia unaolingana na duka la ukubwa wake, na kwamba wasanii anaowapunja ndio anaowapenda. Sikupata la kumjibu, na sidhani kama yeye mwenyewe ameridhika na jibu lake.

Kuna na hili la pili: wateja hawajui kwamba flashi zao zinasomwa. Wanaona mtu anafuta na kuweka. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo. "Sijaandika jina la mtu," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini mama wa pindo akiiona hii, sijui atajisikiaje."

Na kaunta buku yenyewe inakufa. Vijana wanakuja na flashi za GB 64, wengine wanachukua muvi kwenye simu kwa bando. Mwenye nafasi kubwa hafuti kitu, anabakisha vyote, vizuri na vibovu. Vijiti vimekosa maana. "Nafasi ikiwa ndogo mtu anachagua," anasema mwenye duka. "Sasa hivi nikimuuliza nifute ipi, ananishangaa. Nimerudi kwenye safu ya kwanza. Nzuri, nzuri, nzuri."

Kabla sijaondoka nilimwomba anionyeshe kurasa za Bongo Muvi, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Safu ya KASEMA ni lawama tupu: sauti inakwaruza, hadithi ileile, gari linaonyeshwa likipaki dakika nzima, mganga yuleyule, mwisho wamekatisha ili tununue sehemu ya pili. Wasemaji ni walewale wanaozisifu muvi za Kimarekani kwenye kurasa za jirani. Kisha unahamia KABAKISHA, na vijiti vimesongamana. Za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, bado zimo kwenye flashi za watu waliokuwa watoto alipokuwa hai. Filamu za kigeni zilizoandikwa "kali" zimefutwa wiki ileile.

Nilimuuliza kwa nini. Alivua miwani.

"Mimi nadhani za nje wanaziangalia, zinaisha. Zetu wanaishi nazo. Ile sebule anaijua, yule shangazi anamjua. Anazitukana kama anavyomtukana ndugu yake, lakini ndugu hafutwi. Hayo ni mawazo yangu tu. Labda wanabakisha kwa sababu hawana pa kuzipata tena. Labda ni za watoto. Sijawahi kuuliza, kwa sababu nikiuliza watanijibu kwa safu ya kwanza."

Kwa miaka mingi waongozaji wetu waliuza haki zote za filamu kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na habari za mtazamaji ziliishia hapo. Walichosikia ni lawama za barabarani, yaani KASEMA peke yake, na wengi waliamini kwamba hawapendwi. Nilimuuliza mwenye duka kama amewahi kutokea mwongozaji, mwandishi wa filamu au mwigizaji, akaketi pale na kuomba kusoma.

"Hajaja hata mmoja," alisema. "Na akija, mimi nitajitambulisha vipi? Kwamba mimi ndiye ninayemwibia, na mimi ndiye ninayejua nani anampenda?"

Swali hilo ni la kweli na silioni jibu lake katika sheria wala katika biashara kama ilivyo sasa. Ila naamini mwenye kutengeneza filamu ana haki ya malipo yake, na ana haki pia ya kujua kwamba mahali fulani Tandika mtu kaulizwa afute ipi, na ya kwake imeachwa.