Usimharakishe mtoto kuandika

"Daktari, ana miaka minne na hawezi kuandika 'a'. Ana kasoro?" Mzazi, huenda hana. Katika umri huo mifupa kadhaa ya kifundo cha mkono ingali gegedu laini, na misuli ya vidole haijakomaa. Kwanza apukuchue mahindi, akande unga wa chapati, achore herufi mchangani kwa kidole. Penseli iwe fupi, aishike kwa ncha za vidole. Akipendelea mkono wa kushoto, mwache. Kiboko si dawa. Lakini akiinamia daftari hadi pua ikaribie karatasi, apimwe macho. Mmoja niliyemhudumia alikuwa amechapwa muhula mzima kwa uvivu, kumbe haoni ubao. Alipopata miwani, aliandika jina lake.